Chumvi ya Mtoto Aliye Tumboni

Ukitoka Mpwapwa mjini kwenda Kibakwe, njia inapita Gulwe, inakata reli ya kati, kisha inaelekea kusini kwenye nchi ya vilima. Upande wa mashariki na kusini upeo wa macho unafungwa na milima ya Usagara na Rubeho. Hapa Wagogo, Wahehe na Wasagara wamechanganyika miaka mingi, wanalima mahindi, maharage, karanga na alizeti, na mabondeni vitunguu. Mvua inayonyesha kule juu ndiyo inayowalisha walio chini. Lakini mvua hiyohiyo, kwa maelfu ya miaka, imekuwa ikiosha miteremko na kuondoka na kitu ambacho hakuna mkulima aliyewahi kukiona kikipungua shambani: iodini, ile ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la madini joto.

Mahindi hustawi bila madini joto. Anayeyakosa ni binadamu, na wa kwanza kudhurika ni yule ambaye bado hajazaliwa.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama mjamzito apate 250. Ukikusanya mahitaji ya mtu mmoja tangu kuzaliwa hadi uzeeni, hayajazi kijiko cha chai. Sehemu kubwa ya madini haya duniani iko baharini. Mimea ya mwani huyafyonza, samaki huyabeba, na kidogo hupaa na kurudi na mvua. Nchi za milima, ambako maji huporomoka bila kutulia, na nchi za bara zilizo mbali na pwani hubaki maskini wa kitu hiki. Uwanda wa juu wa kati mwa Tanzania una sifa zote mbili.

Kazi ya madini joto mwilini ni moja. Chini ya koromeo, mbele ya shingo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo, inayoitwa tezi dundumio. Tezi hii huyachukua madini joto kutoka kwenye damu na kuyatumia kutengeneza homoni inayoamua kasi ya karibu kila kitu: mapigo ya moyo, joto la mwili, kukua kwa mifupa, na kuliko vyote, kuundwa kwa ubongo. Mimba inapokuwa changa, tezi ya mtoto bado haijaanza kazi, kwa hiyo mtoto huishi kwa homoni ya mama yake. Baadaye, tezi yake inapoanza kufanya kazi, madini joto inayoyahitaji hutoka kwa mama pia. Mama asipokuwa nayo ya kutosha, wote wawili wanapungukiwa, ila mmoja wao ndiye anayejenga ubongo wiki hizo, na wiki hizo hazirudi.

Kwa mama upungufu huo huonekana. Tezi yake, ikijitahidi kunasa kila chembe inayopita, huvimba na kuwa rovu. Watu wa milimani wamelizoea rovu tangu zamani, na yako maeneo ambako uvimbe mdogo wa shingo ulichukuliwa kuwa umbile la kawaida la mwanamke mzima. Kwa kichanga dalili zinajificha. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa homoni hii mara nyingi huonekana salama siku ya kwanza. Kisha manjano yake yanachelewa kuisha. Analala sana, ananyonya kwa ulegevu, hapati choo vizuri. Sauti ya kilio chake ni nzito, ulimi wake mnene, kitovu chake kimetokeza, utosi wake mpana. Hali hii ni rahisi kupokewa kama baraka: mtoto mpole, hasumbui usiku. Miezi inapita kabla mtu hajagundua kwamba wenzake wanakaa naye hajaikaza shingo.

Pale upungufu unapokuwa mkali, matokeo yake ni mtoto anayekua mfupi kupita kiasi, pengine asiyesikia na asiyesema, miguu yake ikikakamaa, akili yake ikibaki nyuma maisha yake yote. Lugha ya mitaani ilimpa mtu huyo majina ya kumuumiza, na familia yake ikatupiwa lawama za laana na kurogwa. Kumbe kilichopungua ni chembe ndogo kama punje ya mchanga kwa siku.

Wazungu wa milima ya Alpi walipitia hayohayo. Bernard Courtois aliigundua iodini nchini Ufaransa mwaka 1811, ndani ya majivu ya mwani. Mwaka 1820 daktari wa Geneva, Jean-François Coindet, alianza kuwapa wagonjwa wa rovu. Ilichukua miaka mia moja zaidi hadi Uswisi, mwaka 1922, ilipoanza kuichanganya na chumvi ya kawaida ya mezani. Jimbo la Michigan nchini Marekani lilifuata mwaka 1924. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu rahisi: kila mtu anaila, tajiri na maskini, kila siku, na kwa kiasi kinacholingana.

Lakini uthibitisho kwamba tatizo huanzia tumboni ulipatikana mbali na Ulaya. Katika bonde la Jimi, Papua Guinea Mpya, mwaka 1966, watafiti akina Peter Pharoah waliwachoma wanawake wa baadhi ya familia sindano ya mafuta yenye iodini, na wengine sindano ya maji ya chumvi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Kati ya watoto 534 waliozaliwa na mama wasiopata iodini, 26 walikuwa na udumavu mkali wa akili na mwili. Kati ya watoto 498 wa mama waliopata, walikuwa 7, na 6 kati yao mimba zao zilikuwa zimeshatunga kabla ya sindano. Takwimu hiyo ya mwisho inastahili kusomwa mara mbili. Dawa ilikuwa ileile na sindano ileile. Kilichotofautisha ni kutangulia au kuchelewa.

Karibu zaidi na kwetu kuna kisa cha Idjwi, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kibelgiji, wakiwamo François Delange na André Ermans, walishangazwa na jambo moja. Kisiwa kizima kilikuwa na upungufu wa madini joto, ila rovu lilikuwa limejaa upande wa kaskazini na limepungua sana upande mwingine. Udongo peke yake haukutosha kueleza tofauti hiyo. Utafiti wa miaka iliyofuata ulielekeza kidole kwenye mihogo. Mihogo isiyoandaliwa vizuri huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kuyanasa madini joto, hivyo mahali ambapo madini hayo tayari ni haba, chakula kinaongeza uzito juu ya mzigo. Mwaka 1989 watafiti waliofanya kazi na uwele wa Darfur, Sudani, walionyesha kwamba nao una viambato vinavyoipunguzia tezi nguvu. Uwele ndio ugali wa asili wa Ugogo. Hakuna sababu ya kuuogopa uwele kwa hilo, maana umelea vizazi vingi katika nchi isiyo na mvua za uhakika, lakini taarifa hiyo inasaidia kuelewa kwa nini nchi kavu za bara hazikuwa na akiba ya kujikinga.

Na chumvi yenyewe? Kabla ya chumvi ya dukani, watu wa uwanda wa kati walitegemea chumvi ya udongo iliyokwanguliwa kwenye mbuga kame kama ile ya Bahi, ikachujwa kwa maji na kuchemshwa. Magharibi kulikuwa na Uvinza, ambako chemchemi za chumvi zilivuta misafara ya biashara tangu kale. Chumvi hizo zilitia ladha kwenye mlenda na nyama, lakini madini joto hazikuwa nayo ya kutosha. Hata chumvi ya bahari inayokaushwa juani haina, jambo linalowashangaza wengi: iodini nyingi hubaki kwenye maji na viumbe vya bahari, haigandi pamoja na chumvi.

Katika Tanganyika, mmoja wa waliolifuatilia rovu kwa kalamu na daftari alikuwa Michael Latham, daktari aliyezaliwa Kilosa, nchi jirani na Mpwapwa kwa upande wa mashariki. Aliongoza kitengo cha lishe cha wizara ya afya, na mwaka 1965 alichapisha uchunguzi wake wa Ukinga, katika nyanda za juu kusini, ambako alikuta wenye rovu ni wengi kuliko wasio nalo. Taarifa hiyo ilikuwa onyo. Lakini nchi changa ilikuwa na surua, malaria, utapiamlo na ukosefu wa madaktari, na ugonjwa usioua kwa kelele ulisubiri foleni.

Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Ni taasisi hiyo, miaka ya 1980, chini ya wataalamu kama Festo Kavishe, iliyopeleka watu shuleni wilaya hadi wilaya. Kazi yao ilikuwa ya mikono. Mwanafunzi anasimama, anainua kidevu kidogo, mpimaji anagusa pande mbili za shingo kwa vidole gumba na kuandika daraja: hakuna rovu, lipo la kupapaswa, au lipo la kuonekana kwa macho. Vidole hivyo ndivyo vilivyochora ramani. Takriban robo ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na rovu. Ilikadiriwa kwamba asilimia 41 ya Watanzania waliishi kwenye maeneo yenye upungufu, na kwamba watu wapatao 160,000 walikuwa tayari wamepata udumavu mkali wa akili na mwili.

Ramani hiyo ilipotazamwa, wilaya nyingi zilizoathirika zilikuwa za milimani: Makete, Njombe, Ludewa, Rungwe, Mbozi, Songea, Kasulu, Rombo. Katika mkoa wa Dodoma jina lililojitokeza ni Mpwapwa. Anayeijua Mpwapwa hatashangaa, maana ndiyo wilaya inayopanda kwenye milima ya mashariki, na tarafa ya Kibakwe iko miguuni pa milima hiyo.

Kutengeneza viwanda vya kuchanganya chumvi kungechukua miaka, na mimba hazisubiri viwanda. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1986, kwa msaada wa Sweden, serikali ilianza kugawa vidonge laini vyenye mafuta ya iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi. Mtu aliyemeza kidonge alikuwa na akiba ya kumtosha mwaka mmoja hadi miwili. Walengwa wakuu walikuwa watu wa kuanzia miaka 2 hadi 45, lakini kiini cha mpango kilikuwa mwanamke atakayebeba mimba. Kwa ukubwa wake, mpango huo ulikuwa miongoni mwa mikubwa ya aina yake duniani, ukiwafikia watu wapatao milioni 5.

Mpwapwa ilifikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hapa ndipo historia inapokuwa na uchungu, kwa sababu karatasi zilisema kila baada ya miaka miwili, lakini magari, mafuta, posho na barabara vikasema vingine. Wilaya nyingi zilichelewa kuanza. Raundi zikapishana kwa miaka mitatu au zaidi. Kwa wastani karibu theluthi mbili ya walengwa ndio waliomeza kidonge katika kila raundi. Hebu fikiria vijiji vilivyo juu ya Kibakwe, Wota au Galigali, ambako njia za masika huwashinda hata wenye miguu migumu. Msichana ambaye siku ya ugawaji alikuwa shambani au alikwenda kumuuguza shangazi yake aliikosa raundi, na kama alishika mimba mwaka uliofuata, mtoto wake alianza safari bila akiba. Hakuna daftari lililoandika jina la mtoto huyo. Alionekana miaka saba baadaye, dawati la nyuma, mwalimu akidhani ni mzito wa kuelewa.

Suluhisho la kudumu lilikuwa chumvi. Mwaka 1994 zilipitishwa kanuni za kulazimisha chumvi yote ya kuliwa na binadamu ichanganywe na madini joto. Kisheria lilikuwa jambo la kurasa chache. Kiutendaji lilikuwa gumu, kwa kuwa chumvi ya Tanzania haitoki kiwanda kimoja. Inatoka Uvinza, inatoka mashamba ya pwani ya Tanga, Bagamoyo, Lindi na Mtwara, na sehemu kubwa yake huvunwa na wazalishaji wadogo wanaokusanya kwa koleo na kujaza viroba. Wengi wao walichanganya dawa, yaani iodati ya potasiamu iliyoyeyushwa, kwa bomba la mkono kama lile la kunyunyizia mimea. Mahali pengine ilimwagika nyingi, pengine haikufika kabisa. Vincent Assey na wenzake wa Taasisi ya Chakula na Lishe walitumia miaka wakiwafundisha wazalishaji hao kupima, kuyeyusha na kunyunyiza kwa usawa, na naamini kazi hiyo ya mashambani, isiyo na sherehe wala utepe wa kukatwa, imewaokoa watoto wengi kuliko hospitali kadhaa zenye majengo ya kuvutia.

Mwaka 2004 vidole vilirudi kwenye shingo za wanafunzi, safari hii nchi nzima. Rovu lilikuwa limeshuka hadi asilimia 6.9. Kaya 83.6 katika kila 100 zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Kile kidonge cha dharura kilikuwa kimeshaachwa, na mama wa Kibakwe alikuwa anakinga ubongo wa mwanawe kwa kununua pakiti dukani, bila kulazimika kufikiria juu yake.

Miaka michache baadaye wachumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, walirudi kwenye kumbukumbu za vidonge. Walilinganisha watoto ambao mama zao walikuwa wamekingwa wakati wa mimba na wale ambao hawakukingwa. Mwaka 2009 wakaandika kwamba waliokingwa walisonga mbele shuleni kwa kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka zaidi, na wasichana walinufaika kuliko wavulana. Makala hayo yalinukuliwa kila mahali. Baadaye, mwaka 2020, watafiti wengine, akiwamo Stefan Peterson aliyeufahamu mpango wa vidonge tangu ulipokuwa ukiendeshwa, walirudia hesabu na kuona kwamba matokeo hayo hayana uimara uliodaiwa. Mabishano hayo hayagusi swali la kama madini joto yanahitajika, kwani hilo lilijibiwa bonde la Jimi. Yanagusa kiasi gani cha faida kinaweza kusomwa kutoka kwenye takwimu za wilaya ambazo vidonge vilifika kwa kuchelewa na kwa mapengo. Daftari bovu la ugawaji lilimnyima mtoto kidonge, kisha likawanyima watafiti jibu.

Yapo pia mafunzo kutoka Visiwani. Kila mtu aliamini kwamba Unguja na Pemba, zikiwa zimezungukwa na bahari na samaki, haziwezi kuwa na shida hii, kwa hiyo ziliachwa nje ya juhudi za mwanzo. Watafiti walipokwenda kupima, walikuta rovu kwa asilimia 21.3 ya wanafunzi wa Unguja na asilimia 32 wa Pemba. Kisiwani Pemba, ni nyumba moja tu katika kila mia iliyokuwa na chumvi yenye madini joto.

Ipo sehemu ya tatizo ambayo chumvi haiwezi kuifikia. Kila mahali duniani, mtoto mmoja katika kila 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na tezi dundumio isiyofanya kazi sawasawa. Mara nyingi haikuumbika, au iliumbika mahali pasipo pake. Mama yake anaweza kuwa amekula chumvi bora miezi yote 9. Dalili ni zilezile: manjano yasiyoisha, usingizi mwingi, kilio kizito. Na tiba yake ipo, nyepesi ajabu: kidonge cha homoni kinachosagwa na kuchanganywa na maziwa kidogo ya mama kwenye kijiko, kila siku. Mtoto akianza ndani ya wiki mbili za kwanza, hukua na akili timamu kama ndugu zake. Akianza baada ya miezi, sehemu ya ubongo inakuwa imeshapotea.

Njia ya kumgundua mapema ina zaidi ya nusu karne. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Robert Guthrie alionyesha kwamba tone la damu la kisigino cha kichanga, likikaushwa kwenye karatasi maalumu, linatosha kupima ugonjwa mwingine wa kurithi unaoharibu ubongo. Mwaka 1974 Jean Dussault, huko Quebec, Kanada, alianza kuitumia karatasi hiyohiyo kupima homoni ya tezi. Leo katika nchi tajiri karibu kila mtoto huchomwa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa. Tanzania bado haina upimaji huo kwa watoto wote wanaozaliwa. Madaktari wa homoni za watoto ni wachache. Mwaka 2008 kilianzishwa Nairobi kituo cha kuwafunza madaktari wa Afrika taaluma hiyo, na Watanzania wamo miongoni mwa waliopita hapo, lakini daktari mmoja wa Dar es Salaam hawezi kumwona kichanga wa Kibakwe asiyeletwa kwake na mtu yeyote.

Anayeweza kumwona ni muuguzi wa kituo cha afya. Utaratibu wa nchi unamtaka mama arudi kliniki na kichanga chake ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Siku hizo hutumika kuangalia kitovu, uzito, unyonyeshaji na joto la mwili. Siku ya 7, mama anapoteremka kutoka Wota na mtoto mgongoni, zimebaki siku nyingine 7 za ule muda ambao kidonge kinaokoa kila kitu. Kisigino kiko hapo, kimefunikwa kwa khanga.